Bunduki ya mtoto huko South Dakota

Oktoba ikifika, familia nyingi za South Dakota, Marekani, hutoka kuwinda fezanti, ndege wa jamii ya kwale aliyeletwa kutoka Asia. Tangu 1943 ndiye ndege rasmi wa jimbo. Hapa hakuna kukaa na kuvizia. Watu hujipanga mstari na kutembea kwenye nyasi ndefu kwa saa nyingi, bunduki mikononi.

Kwa huruma, mzazi humnunulia mtoto bunduki ya marisau nyepesi kuliko zote, kilo 2.5 hivi. Kuibeba ni raha. Lakini risasi ile ile, ikitoka kwenye bunduki nyepesi, husukuma bega kwa nguvu zaidi. Mtoto akiumia mara mbili, huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Nzito nayo ina balaa lake, tena kubwa: alasiri mikono imelegea, na mtutu unaweza kumwelekea jirani katika mstari.

Wengi huchagua ya katikati, karibu kilo 3, na risasi za nguvu ndogo. Wengine, mwaka wa kwanza, humpa mtoto ndege tu abebe. Majogoo watatu, kiwango cha mwindaji mmoja kwa siku, hukaribia uzito wa bunduki ya baba.