Sera ya elimu na tofali za Mwamkulu

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, si mnajua tena asaimenti na majaribio yakianza kufuatana. Leo nimepata nafasi, basi niseme jambo ambalo limenikaa kichwani tangu tuanze somo la sera na uongozi wa elimu.

Tunaisoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ile ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma mapema mwaka 2025. Kubwa lililomo wengi mmelisikia: elimu ya lazima inakuwa miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaondoka. Sasa hesabu yake iko hivi. Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala mpya Januari 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo wanamaliza wale wa mwisho kabisa wa darasa la saba. Kwa hiyo, kwa mpango huo, Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo, nchi nzima.

Huku chuoni hayo ni mistari miwili ya daftari. Kwetu Mwamkulu ni suala la tofali.

Kwa wasiopajua, Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Ukisikia manispaa usidhani ni maghorofa, huko watu wanalima mpunga. Likizo iliyopita nilimweleza mjomba wangu habari hii ya 2028. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, jambo ni jema sana. Ila tofali tunafyatua na kuchoma kiangazi, tukishavuna. Mvua ikianza Novemba ndiyo basi tena mpaka masika yaishe. Sasa hao wanaotaka madarasa ya Januari, wanatuhesabia viangazi vingapi?"

Jamani, mimi ninayesomea ualimu sikuwa nimeiwaza hiyo. Shule zetu nyingi za sekondari za kata zilijengwa hivyo, wananchi wanapandisha boma, serikali inaongezea bati na fedha za kumalizia. Mzazi akiambiwa mapema anajipanga. Akiambiwa Desemba, hata awe na moyo wa kuchangia kiasi gani, tofali mbichi itanyeshewa. Na viangazi vilivyobaki kabla ya Januari 2028 unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza, sauti ya shule ya kata kama yetu inafikaje kwenye sera ya taifa?

Nisije nikawaonea watu. Maoni yalikusanywa. Mapitio ya sera na mitaala yalianza 2021, na Mei 2023 kulikuwa na mkutano mkubwa Dodoma wa kujadili rasimu. Tena kukusanya maoni si jambo geni hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta iliuangalia mfumo mzima wa elimu, na ripoti yake bado tunaisoma mpaka leo. Kwa hiyo swali langu mimi ni nini kinachopanda kutoka chini, na kinapanda kwa njia ipi.

Angalieni ngazi yenyewe. Kuna kamati ya shule, juu yake kata, halafu halmashauri, halafu mkoa, halafu TAMISEMI. Shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya TAMISEMI, sekondari zilihamishiwa huko mwaka 2009. Lakini sera inaandikwa Wizara ya Elimu, mtaala uko Taasisi ya Elimu, mtihani uko NECTA. Yaani hoja ya mzazi wa Mwamkulu ikipanda ngazi zote bila kudondoka, inafika kwenye nyumba inayoendesha shule, halafu inatakiwa ivuke barabara kwenda nyumba inayoandika sera. Zamani Mpanda ilikuwa chini ya Rukwa, ofisi ya mkoa iko Sumbawanga. Tangu 2012 tuna mkoa wetu, ofisi imesogea. Ngazi bado ni ileile.

Na kinachopanda kwa kawaida ni idadi. Chukua mahudhurio. Mpunga ukishatoa masuke ndege wanashuka, na kuna watoto wanaotumwa shambani kuamia ndege kuanzia alfajiri. Mwalimu anajua, kamati inajua, mzazi ndiye aliyemtuma. Lakini kwenye karatasi anaandikwa mtoro tu, na karatasi ikifika mbali inasomeka kwamba wazazi wa huko hawapendi shule. Mimi sitetei mtoto kukaa shamba, aende darasani. Ila dawa ya mzazi asiyependa shule ni tofauti na dawa ya mzazi mwenye ndege shambani. Huyu wa pili pengine angesaidika kama likizo ingesogezwa kidogo kufuata msimu, siku za masomo zikabaki zilezile.

Kwenye semina jamaa mmoja alinibana hapo. Akasema kila kata ikidai la kwake tutakuwa na sera ngapi? Hoja yake ina uzito. Taifa linahitaji mtaala mmoja na mtihani mmoja, la sivyo mtoto wa Mwamkulu ndiye atakayeumia wa kwanza, atapewa elimu ya daraja la pili. Lakini kusikilizwa hakudai kila kata iwe na sera yake. Kunadai mwandishi wa sera ajue kiangazi kinaanza lini kabla hajapanga mwezi wa kuanza utekelezaji.

Naona mambo matatu yanawezekana bila kuunda ofisi mpya. Kwanza, rasimu ya sera ifike kwenye kamati za shule na bodi za shule, kurasa chache tu. Sera hii imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha lugha hakipo. Pili, taarifa za shule ziwe na mahali pa kuandika sababu, mwalimu mkuu aeleze kwa sentensi mbili kwa nini idadi iko hivyo. Tatu, majibu yarudi. Kata ikishasema, iambiwe hili tumelichukua, hili hatukulichukua kwa sababu hii. Mtu aliyejibiwa, hata kwa kukataliwa, atasema tena mara nyingine. Aliyenyamaziwa ataacha kuja kwenye mkutano.

Na sisi tunaosomea ualimu tutapangiwa huko huko. Tutakuwa ndio tunaojaza hizo karatasi. Januari 2028 wengine wetu tutasimama mbele ya darasa la makundi mawili, na kama boma halijaezekwa, tutakuwa chini ya mwembe na chaki mkononi.

Nyie wa mikoa mingine, kwenu msimu wa mvua na kalenda ya shule vinaelewana? Na wazazi wa huko wanajua habari za 2028? Kama hawajui, ukipiga simu nyumbani wiki hii waambie. Kiangazi hakingoji waraka.

Tuko pamoja.