Mwasho wa Ughaibuni

Adhabu ya kaburi, walinena wahenga, aijuaye maiti. Mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Malindi aliung'amua ukweli wa methali hii mwezi wa Novemba, mwaka wa 2022, katika mji wa Bayreuth, Ujerumani, alikokwenda kuendeleza masomo yake ya Kiswahili. Alikuwa amejiandaa vilivyo kukabili baridi. Alikuwa na koti zito, glavu na soksi za sufu. Asichojiandaa kukabiliana nacho ni kichwa chake mwenyewe.

Mwasho ulianza nyuma ya sikio. Chumba chake kilipashwa joto usiku na mchana huku madirisha yamefungwa, na hewa ikawa kavu kama ya jangwani. Baada ya wiki tatu, kichwa kizima kilikuwa kimechubuka kwa kukunwa, na magamba meupe ya mba yalimwangukia mabegani kila alipoutoa mtandio. Darasani alihamia kiti cha nyuma kabisa, asije mtu akauona mkono wake ukipanda kichwani. Usiku alijikuna hadi kucha zikatoka na damu.

Alimpigia nyanyake simu.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti imenyong'onyea?"

Ajuza yule alimpa msafiri mmoja chupa mbili za mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na kumwagiza mjukuu ayapake kila usiku. Binti aliyapaka kwa imani. Harufu yake ilimrejesha uani kwao, kwenye mkeka alipozoea kuketi akisukwa. Hata hivyo, mwasho ulizidi.

Akageukia shampuu za madukani. Alinunua tatu, moja baada ya nyingine. Zote zilijaa povu na manukato, wala hakuna iliyomfaa. Hatimaye alishika njia kwenda duka la dawa, akitafsiri maneno kimoyomoyo. Katika Kiswahili moto huwashwa, taa huwashwa, pilipili huwasha na kichwa huwasha. Basi akalichukua neno la moto, akamwambia mfamasia: "Mein Kopf brennt." Kichwa changu kinaungua! Mfamasia alimsikitikia sana, akampa vidonge vya maumivu ya kichwa. Binti alilipa, akashukuru, akatoka nje na dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Alisimama kando ya barabara, vidonge mkononi, machozi yakimlengalenga. Je, arudi chumbani akajikune usiku mwingine? Mficha maradhi, kilio kitamwumbua. Akageuka, akaingia tena. Aliomba faragha, akapelekwa katika chumba kidogo cha nyuma, na huko akaufungua mtandio wake. Hakuna mgeni aliyewahi kukiona kichwa chake katika nchi ile. Mfamasia, mama wa makamo, alikitazama bila kushtuka. Kisha alikuna hewa kwa vidole vyake, akauliza taratibu: "Juckt es?"

Naam! Neno lilikuwa limepatikana.

Mama yule alimweleza kwamba kuna viumbe vidogo vya jamii ya kuvu, viitwavyo Malassezia, ambavyo huishi katika ngozi ya kila mtu na kujilisha mafuta yake. Baridi na mawazo mengi huweza kuvichochea. Alimpa shampuu yenye dawa ya ketokonazoli: aitumie mara mbili kwa wiki, aiache kichwani kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuisuuza, na aendelee hivyo kwa wiki 2 hadi 4. Mafuta asiyapake kabisa kwenye ngozi ya kichwa. Binti aliinamisha uso. Kumbe kila usiku, kwa upendo wa nyanyake, alikuwa akimlisha adui!

Wiki ya tatu alilala hadi asubuhi bila kushtuka. Siku hiyo alipiga simu nyumbani.

"Kichwa je, mjukuu wangu?"

"Kimetulia, nyanya. Nimepata dawa ya kuoshea."

"Na mafuta yangu?"

Alinyamaza kidogo. "Nayapaka kwenye ncha za nywele tu, nyanya. Zimekuwa laini."

Hakusema uongo. Ajuza alicheka, akaahidi kumpikia mengine. Tangu hapo binti alirudi kuketi mstari wa mbele, na katika daftari lake la Kijerumani, juu kabisa ya ukurasa, kitenzi cha kwanza kilikuwa kile alichofundishwa kwa vidole.