Chozi wa Naivasha na Shamba Lake la Maua

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Nakuru huteremka Bonde la Ufa, na baada ya mwendo wa kilomita 90 hivi hufika Ziwa Naivasha. Wageni wengi hukimbilia ufukoni kutazama viboko na mwari. Lakini wewe, msomaji, ukifika huko simama kidogo kando ya njia, penye yale magugu marefu ambayo maua yake ya rangi ya chungwa hulizunguka shina kama vifundo. Huenda ukamwona chozi mwenye mabawa ya dhahabu, na mdomo wake umepinda kama mundu.

Ndege huyu ana shamba. Akija chozi mwingine kunyonya maji matamu ya maua yake, humrukia na kumfukuza. Mtu atasema ni choyo tu. Kumbe ana hesabu!

Wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza ndege hao karibu na Naivasha, wakatoa habari zao mwaka 1975. Waliona kuwa mashamba yalihitilafiana sana kwa ukubwa, lakini kila moja lilikuwa na maua yapatayo 1,600, yaani riziki ya ndege mmoja kwa siku.

Kufukuza wezi kuna gharama. Chozi akitulia tawini hutumia kalori ndogo 400 kwa saa, akitafuta chakula, 1,000, akifukuza, 3,000. Faida yake ni nini basi? Ua lisiloguswa na wageni huwa na utamu zaidi. Utamu wa kila ua ukizidi kutoka vipimo viwili hata vitatu, ndege hushiba kwa saa 2.7 badala ya saa 4, na kwa kupumzika muda uliobaki huokoa kalori 780. Ulinzi wake wa kutwa, kama dakika 17, humgharimu 728. Hubakiwa na 52 tu.

Utamu ukiwa tele kila mahali, au ukiwa haba mno, ulinzi haumlipi, naye huacha ugomvi.

Basi, mwenye shamba anayefyeka magugu hayo yote kwa asubuhi moja humnyang'anya chozi mali aliyoipigania kwa faida ndogo hivyo. Akiyaacha machache mpakani, hatapungukiwa sana, na mwenzake mdogo atapata chakula cha siku.