Unaweza Kufungua Iliyofungwa?

Watu wakishajua kwamba ninachokonoa simu, swali la kwanza huwa lile lile: unaweza kufungua iliyofungwa? Wengine wanauliza kwa sauti ya chini, na hapo unajua simu imetoka wapi. Wengine hawana neno, wamesahau tu namba ya siri, au wameletewa na ndugu aliyeko Muscat simu ambayo bado ina akaunti ya mtu mwingine. Jibu langu ni hapana, na sijaona lililowahi kumfurahisha mtu.

"Sasa unachokonoa nini?" mhariri wangu aliniuliza siku moja.

Swali la haki kabisa. Mimi ni mwandishi wa habari, shahada yangu ni ya mawasiliano ya umma, na sijawahi kukaa darasa la umeme. Ninachofanya ni kuchukua simu zilizozeeka, kuzitoa mfumo zilizokuja nao na kuziwekea mwingine. Hainiingizii hata mia. Ni kama watu wanaofuga njiwa.

Ilianza na Samsung Galaxy S5 niliyoinunua Kariakoo mwaka 2018, ya mkononi, laki na ishirini baada ya kubishana sana. Simu hiyo ilitoka mwaka 2014 ikiwa na Android 4.4. Mgongo wake ni wa plastiki, unabanduka kwa kucha. Ndani unakuta betri unayoitoa kwa kidole, na kando yake pa kuweka memori kadi. Siku hizi ukimwonyesha kijana simu ya aina hiyo anacheka. Mimi naona kama nyumba yenye madirisha.

Mtengenezaji aliipandisha hadi Android 6 mwaka 2016, akaishia hapo. Kufika 2021 simu yangu ilikuwa inasuasua. Kioo kizima, spika nzima, betri nimeweka mpya. Lakini ndani kulikuwa na mfumo wa miaka mitano nyuma, usiozibwa tena matundu ya usalama. Nikaanza kusoma usiku, bando likiisha naongeza. Nikajifunza kwamba kiini cha Android, kile cha Linux, kina leseni inayomlazimisha mtengenezaji kuuweka hadharani msimbo wake. Kwa mlango huo wajuzi wa kujitolea wanaendelea kuzihudumia simu ambazo mwenyewe alishazisahau. Mradi wao mkubwa uliitwa CyanogenMod. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ilipofunga huduma zake mwishoni mwa 2016, watu wale wale waliuchukua msimbo wakaendelea nao kwa jina la LineageOS.

Kuflashi kwenyewe hakuna maajabu. Unahamisha kwanza vitu vyako vyote. Unazima simu, unabana vitufe vitatu kwa pamoja: sauti chini, cha katikati na cha kuwashia. Kioo kinakuonya, unakubali. Unachomeka waya kwenye laptopu, unaingiza kwanza kaprogramu kadogo ka kupokelea, kisha mfumo wenyewe. Halafu unasubiri. Mara ya kwanza simu huchukua dakika nyingi kuwaka, na dakika hizo ni ndefu kuliko foleni ya Ubungo jioni. Kiduara kinateleza kwenye mstari uliopinda, kinarudi, kinateleza tena. Nilikaa kitandani nikikiangalia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ikawaka. Simu iliyozaliwa na Android 4.4 ikawa inaendesha Android 11. Haikuwa mpya, na kamera ilipungua ubora kidogo, lakini ilikuwa nyepesi, bila zile programu za bure ambazo hukuziomba na haziondoki. Kilichonikaa kichwani usiku ule ni kwamba simu hii haikuwa mbovu hata kidogo. Iliachwa tu. Kuna watu mahali fulani walikaa kwenye kikao wakaamua umri wake. Na kwamba huo ni uamuzi, wala si sheria ya maumbile, wamekuja kulithibitisha wenyewe: mwaka 2023 Google waliahidi miaka 7 ya matoleo mapya kwa Pixel 8, na mwaka uliofuata Samsung wakaahidi hiyo hiyo kwa Galaxy S24.

Lakini uhuru una bei. Kwenye Samsung za aina ile kuna kifyuzi kidogo cha kielektroniki: ukiingiza mfumo usio na saini yao kinaungua, na hakirudi. Ni kama wino wa kidole siku ya uchaguzi, isipokuwa huu haufutiki. Programu ya benki nayo ikanigomea: simu imebadilishwa, haiaminiki. Nikarudi kwenye menyu ya nyota na reli, ile inayofanya kazi hata kwenye kitochi, ambayo haijawahi kumuuliza mtu umri wa simu yake. Nikagundua kwamba teknolojia niliyokuwa naidharau ndiyo pekee iliyokuwa bado inanisalimia.

Hili la nani mwenye kauli ya mwisho juu ya simu yako, Watanzania tunalijua. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia. Wiki zile kila mtu alikuwa anabonyeza nyota reli sifuri sita reli, anapata tarakimu 15, anazituma kwenda 15090 kusubiri hukumu. Nilikuwa mgeni kwenye chumba cha habari, na nakumbuka watu wakionyeshana majibu kama matokeo ya Kidato cha Nne. Sababu za kuzizima zilikuwa na mantiki. Hata hivyo, aliyeamka asubuhi na kuikuta simu yake imekuwa tochi alijifunza kitu ambacho hakimo kwenye risiti: kununua ni jambo moja, kumiliki ni jingine.

Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu. Mwenye simu aachiwe afungue, abadilishe, aingie popote. Aliyenitikisa ni fundi mmoja wa mtaa wa Aggrey, ambaye nilizoea kwenda kununua kwake vioo na betri. Meza yake ni ya futi tatu barazani, ina darubini, mashine ya kupuliza hewa ya moto, na kopo la bodi za simu zilizokufa. Ulaya, tangu Juni 2025, kanuni zinamtaka mtengenezaji ahakikishe spea muhimu zinapatikana miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Aggrey spea inatoka kwenye lile kopo.

Nilikuwa namweleza falsafa yangu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye darubini. "Dada," akasema, "wewe unachokonoa ukiwa na simu nyingine kwenye mkoba. Anayeletwa hapa ana hii hii moja."

Kabla sijapata la kujibu akaja mzee na simu kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda. Simu ilikuwa ya mwanawe, aliyefariki miezi mitatu nyuma kwa ajali ya bodaboda. Hakutaka kuiuza. Alitaka sauti. Kijana alipenda kurekodi, alisema, alikuwa haandiki ujumbe, anaongea tu. Mzee mwenyewe anatumia kitochi, kwa hiyo hana hata moja.

Fundi aliifungua. Kipande kidogo karibu na pa kuchajia kilikuwa kimepiga shoti. Akakiondoa, akaweka kingine kutoka kwenye kopo. Baada ya nusu saa simu ikawaka. Mzee akasimama. Kisha kioo kikaonyesha vile vidoti tisa, kikasubiri mchoro.

Hakuna aliyeujua. Mzee alijaribu herufi ya kwanza ya jina la kijana. Akajaribu ya mama yake. Simu ikaanza kutusubirisha, kila tukikosea. Fundi akamshika mkono taratibu: "Baba, tuiache kwanza."

Akanigeukia mimi. "Huyu dada ana kompyuta, anajua haya mambo."

Ni kweli nayajua, na ndiyo maana nilishindwa kumwangalia mzee usoni. Simu nyingi za sasa, ukitaka kufungua butiloda, yaani lile lango linalokagua mfumo gani uruhusiwe kuwaka, zinafuta kwanza kila kitu kilichomo. Zimetengenezwa hivyo makusudi. Hata ungebandua kile kipande cha kumbukumbu na kukihamishia kwenye simu nyingine, ungekuta vurugu tupu, kwa sababu ufunguo wa kuyasoma umechanganywa na mchoro wa mwenyewe na siri iliyochomwa ndani ya prosesa. Kwa vifaa vyangu vyote ningeweza kumpa mzee yule simu mpya kabisa. Ya mwanawe, nisingeweza.

Na kitasa kile kile ndicho ninachokitegemea. Kuna watu wamewahi kuniambia mambo ambayo yakitoka kwenye simu yangu wanapoteza kazi, au zaidi ya kazi. Siku nikikamatwa au nikiporwa, natamani simu yangu iwe kama ile pale mezani: iwake, ionyeshe vidoti tisa, inyamaze. Sikuwa na hotuba ya kunitoa hapo.

Nikafanya kile ninachokijua zaidi ya kuflashi, nikauliza maswali. Marafiki zake ni akina nani? Kijiwe chake kilikuwa wapi? Sauti ya WhatsApp haikai kwa aliyerekodi peke yake. Inakaa pia kwa aliyetumiwa. Mzee akataja kijiwe cha bodaboda Tandika. Nilikwenda Jumamosi. Vijana wanne walikuwa bado nazo, mmoja akiwa na zaidi ya sitini. Nyingine ni za kuombana hela ya mafuta, nyingine ni kejeli za Simba na Yanga, nyingine nilizisikiliza nikaziacha huko huko, maana zilikuwa za vijana.

Zilizobaki niliziweka kwenye memori kadi, kadi nikaiweka kwenye S5, na kioo cha mbele nikakiachia kitu kimoja tu cha kubonyeza. Mzee hakuuliza ni Android ya ngapi. Alisikiliza sekunde chache, akaizima, akaifunga kwenye leso. "Hii nitaisikilizia nyumbani, mwanangu."

Bado nachokonoa. Bado naamini simu isife kwa sababu kikao kimeamua. Ila nimeacha kusema kila kitasa ni adui, na sasa nina simu mbili kwa makusudi. Ya kazi, mchoro wake ninao mimi peke yangu na nitaondoka nao. Ya nyumbani, yenye picha na sauti zangu, mchoro wake nimeuchora kwenye karatasi nikampa dada yangu aufiche. Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akaniuliza kwani naumwa.