Kovu la Mkononi

Mjomba alipoanza kukojoa damu hakushtuka. Kwetu bonde la Ruvuma kijana akikojoa damu wenzake humtania kwamba amekua. Kumbe kichocho! Minyoo ile hupenya ngozi ukiwa ndani ya maji, mayai yake yakakwama kwenye kibofu miaka na miaka, mwisho pengine saratani. Na Mjomba alilima mpunga Kitaya miaka arobaini.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu Mtawanya, naandika riwaya (haijaisha, msinicheke). Katika kupekua nikasoma kwamba mwaka 2021 watafiti walimbadili bakteria mmoja wa tumboni, E. coli Nissle, ili ale amonia, taka inayojaa ndani ya uvimbe, aigeuze kuwa arijinini, chakula cha askari wa mwili. Kwa panya ilisaidia. Utamu ulioje! Adui anatupa taka zake, wewe unazipikia jeshi lako uji.

Tena si ndoto tupu. BCG, chanjo iliyotuachia kovu mkononi, ni bakteria hai waliodhoofishwa. Tangu Alvaro Morales na wenzake wa Kanada walipotoa habari zake mwaka 1976, humiminwa ndani ya kibofu kutibu saratani ambayo haijaingia kwenye misuli.

Usiku ule nilimsimulia Mjomba yote, na chumvi nikaongeza.

"Mjomba," akaniita, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, "hebu nione hilo kovu."

Nikapandisha shati. Akalipapasa muda mrefu. Yeye hana.

Dar es Salaam daktari alieleza polepole. Saratani itokanayo na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, na ya Mjomba ilishazama kwenye misuli. BCG haikuwa dawa yake. Wale bakteria wa amonia nao walikuwa bado kwa panya. Mjomba hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

Kwenye basi la kurudi tulifika Nangurukuru hajasema neno.

Riwayani amepona. Sura ile nimeshindwa kuifuta, na kuiendeleza pia nimeshindwa.

Wiki iliyopita walimu waligawa vidonge vya kichocho. Hupimi kilo, unasimama kwenye fimbo yenye alama, urefu wako ndio idadi ya vidonge. Mjukuu wa Mjomba alichuchumia apate kimoja zaidi. Mwalimu akamkanyaga vidole kwa utani, akashuka, akameza vyake viwili na nusu.