Msaada Usiomtahayarisha Mtu

Miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu ameniruzuku umri wa kuyashuhudia, hakuna ninalolikumbuka kwa furaha zaidi kuliko namna watu wa kazi yetu, kazi ya kuonyesha picha za sinema, walivyoibadili ada yao ya kusaidiana.

Nilipoingia kazini ujanani, katika jumba moja la sinema mjini Tanga, aliyenifundisha mashine alikuwa mzee tuliyemwita Fundi, ambaye kila usiku alivitia ndani ya taa vijiti viwili vya makaa vilivyovikwa shaba, akavikaribisha ncha kwa ncha hata mwanga mkali ukawaka baina yao, kisha akauchungulia kwa kioo cheusi mpaka picha ya mwisho. Macho yake yalipoanza kufifia, tulifanya tulivyozoea: kofia ilizungushwa siku ya mshahara, kila mtu akatia alichojaaliwa, nami nikatumwa kumpelekea nyumbani. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akatuombea dua, lakini hakunitazama usoni. Na aliporejea kazini, akiwa amehamishiwa kwenye kukata tiketi, aliacha kabisa kuketi nasi barazani.

Zama zile zile nilisoma, katika gazeti la biashara ya sinema lililotufikia kutoka ng'ambo, habari za mfuko wa msaada wa watu wa sinema wa Hollywood, ulioasisiwa mwaka 1921 na Mary Pickford, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith. Nao walianza kwa masanduku ya kutilia sarafu, kama kofia yetu. Lakini mwaka 1932, wakati dhiki ya uchumi ilipoielemea Marekani, Mary Pickford aliwahimiza wafanyakazi waahidi kukatwa nusu ya asilimia moja ya mapato yao, yaani apataye dola 200 akatwe dola 1. Mwaka 1939 wachezaji mashuhuri wakaanza kuigiza katika redio na kuuachia mfuko ujira wao, na kwa fedha hizo, chini ya uongozi wa Jean Hersholt, mzaliwa wa Denmark, zikajengwa nyumba za wazee wa kazi hiyo huko Woodland Hills, zilizofunguliwa mwaka 1942, na hospitali ikafuata mwaka 1948. Kilichonishika moyo si majengo hayo, bali ule mkato mdogo wa mshahara, kwani kwa huo aliyekuwa akipewa kwa huruma alikuwa sasa akipokea kwa istihaki.

Niliwasomea wenzangu habari hiyo, na baada ya mashauri marefu tukaafikiana kwamba karani atukate fungu dogo kila mwezi, tajiri kwa kadiri yake na mfagiaji kwa kadiri yake, tukaandika daftarini nani atapata nini akiugua, akifiwa au akishindwa kazi. Fundi alikatwa kama sisi sote. Siku macho yalipomwishia, aliongozwa na mjukuu wake hadi mezani kwa karani, akazihesabu fedha kwa vidole mbele yetu, akasema kwa sauti kavu kwamba zimepungua senti hamsini, na karani, baada ya kulipitia daftari, akamwongeza. Kisha akaja barazani, akaomba kahawa, akaketi nasi mpaka Magharibi.

Majumba yale mengi yamefungwa, na picha sasa hutengenezwa na vijana wetu wenyewe, Dar es Salaam na kwingineko. Walakini msanii auguapo, au afapo, bado tunasikia michango ikiombwa hadharani, na aila yake ikisubiri rehema za wapita njia. Nawanasihi ndugu zangu wa sinema, watayarishaji, waigizaji, wapiga picha na wabeba taa: kabla ya kugawana mapato ya kila filamu, tengeni fungu dogo la muawana, liandikwe daftarini, na kila aliyechangia ajue kwamba siku ya dhiki atakapolijia, atakuwa amejia haki yake.