Maandamano ya Ekaristi Njiani Bukavu

Msafiri mwenye watoto wadogo si bwana wa saa yake. Siku ile, Dominika ya Mwili na Damu ya Kristu, tulikuwa Bukavu, sisi na mke wetu na watoto wawili, tukishuka upesi bandarini kupanda meli ya jioni iendayo Goma. Mkubwa alikuwa na miaka sita. Mdogo alibebwa mgongoni.

Tulipofika barabara kuu, tulikuta njia imefungwa. Watumishi wa altare walitangulia na msalaba. Wakafuata vijana wa Xaveri, chama kilichozaliwa Bukavu mwaka 1952, kisha akina mama wa Legio Maria wakisali Rozari. Wasichana wadogo walimwaga maua juu ya vumbi. Nyuma yao, katika moshi wa ubani, chini ya kitambaa cheupe kilichoinuliwa kwa miti minne, alikuja Padri ameshika monstransi.

Sisi tumewafundisha wanafunzi miaka mingi kwamba sikukuu hiyo ilianza katika jimbo la Liège, Ubelgiji, mwaka 1246, na kwamba Papa Urbano wa Nne aliieneza katika Kanisa lote mwaka 1264. Lakini pale njiani tulitazama saa tu, tukatafuta nafasi ya kupenya kati ya safu mbili.

Mtoto akatuvuta mkono.

«Baba, anayepita ni nani?»

«Ni Yezu.»

«Mbona basi tunampita mbele? Hata babu umetukataza kumpita mbele.»

Tukatua mizigo. Tukapiga magoti vumbini, na tukiri wazi, tuliona haya, kwa kuwa wapagazi na madereva walitutazama. Mtoto hakuona haya yoyote. Mdogo naye, mgongoni kwa mamaye, alimpungia Padri mkono.

Meli haikutungoja. Tuliiona toka mlimani ikienda zake ziwani, na usiku ule tulilala kwa shemeji. Kesho yake tulilipa tiketi mara ya pili, kwa fedha tulizokuwa tumeziweka kwa viatu vya shule.

Wazazi wenzetu, watoto husikia maneno tunayowafundisha, kisha hututazama miguu waone inakwenda wapi. Mkikutana na Bwana njiani, tueni mizigo kwanza.